Mwaka wa Mapaa

Kila Januari, watoto wakisharudi shuleni na wenye maduka wakishapumua kidogo baada ya Krismasi, wenye majengo ya mji wa Wote hukutana katika ukumbi wa kanisa ulio nyuma ya soko, nami husimama mbele yao kuwaeleza mwaka utakuwaje. Sizungumzii mvua. Wa mvua wapo, na husikilizwa kuliko mimi. Mimi ni injinia wa majengo ya biashara: stima, maji, hewa, joto, na lifti kwa wale wachache walio nazo. Wanachotaka kujua ni mambo ya kawaida kabisa. Wapangaji watadai nini mwaka huu? Bili ya stima inaelekea wapi? Ninunue jenereta sasa au ningoje? Niongeze ghorofa au nirekebishe niliyo nayo?

Watu hudhani ubashiri wa namna hii hupikwa mbele ya kompyuta. Wangu hupikwa barabarani. Kuanzia Novemba nazunguka kaunti za Kitui na Makueni nikiuliza maswali. Mwenye hadiwea, yaani duka la vifaa vya ujenzi, namuuliza ameagiza kitu gani kwa wingi, kwa sababu yeye hununua leo kile ambacho mafundi watakitafuta miezi ijayo, na akikosea mzigo unamlalia dukani. Fundi namuuliza anaitwa kurekebisha nini, maana kinachoharibika sana mwaka huu ndicho kitakachonunuliwa mwaka ujao. Na mpangaji namuuliza swali moja tu: ulipokuwa ukitafuta chumba, ulianza kuuliza nini? Ukilijua swali la kwanza la mpangaji, umelijua soko linakoelekea. Mengine yote ni mapambo.

Katika mwaka ninaotaka kuusimulia, majibu yalikuja yakifanana kwa namna iliyonishangaza. Huko Makindu, mwenye nyumba ya wageni aliniambia kwamba madereva wa malori wameacha kuuliza habari za televisheni. Sasa wanauliza kama feni itaendelea kuzunguka stima ikipotea. Huko Kyuso nilimkuta mfanyabiashara wa ndengu akitoboa ukuta wa ghala lake mwenyewe kwa tindo, mashimo ya chini na mashimo ya juu, bila kuambiwa na mtu yeyote, kwa kuwa vibarua wake walikuwa wanatoka ndani kichwa kinawauma. Kitui mjini, duka moja la hadiwea lilikuwa limeishiwa na rangi nyeupe ya mabati, hali makopo ya rangi nyekundu yamekaa hapo yakishika vumbi.

Basi Januari ilipofika nilisimama ukumbini na kuwaambia: kazi ya mwaka huu haiko kwenye majengo mapya. Iko kwenye yale yaliyokwisha kusimama. Paneli za sola zimeshuka bei, betri zinazifuata, na stima haionyeshi dalili ya kushuka. Mpangaji mzuri, yule anayelipa na kukaa, ataanza kuuliza habari za joto kabla ya kuuliza habari za vigae. Atakayelijibu swali hilo vizuri atampata. Na jibu liko juu ya vichwa vyetu. Huu ni mwaka wa mapaa.

Wakacheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha watu wanaokupenda lakini hawakuamini. Mwenye jengo la vioo alisimama. Jengo lake lilikuwa refu kuliko yote mtaani, limevikwa vioo vya samawati upande wote unaotazama barabara, na kila aliposimama kuongea alishika mkanda wake kama mtu anayeupima.

“Injinia, mwaka jana ulituambia ni mwaka wa pampu,” akasema.

“Na ulinunua pampu?”

“Nilinunua.”

“Inavuta maji?”

“Inavuta. Lakini siwezi kukusifu mbele ya watu, utatupandishia bei.”

Ukumbi ukacheka tena, safari hii kwa upande wangu. Kisha akaongeza, na sasa hakuwa anatania: “Lakini paa ni la maji. Usituambie tuweke vitu kwenye paa.”

Hapo vichwa vyote vilitikisika kumkubali, na ninataka uelewe kwa nini. Katika nchi yetu kame ya Ukambani mtu akitazama paa haoni kifuniko cha nyumba. Anaona shamba la maji. Mabati, mfereji, bomba, tangi: mvua chache tulizo nazo zikija, paa ndilo linalotunywesha. Mtu wa Ukambani anaweza kuvumilia nyumba yenye joto. Kuharibiwa maji yake hakuvumilii. Kwa hiyo nilipokuwa nikisema paa, wao walikuwa wanasikia nikisema kisima.

Baada ya mkutano, watu wakiwa wanakunywa chai, alinijia mwanamke ambaye mji mzima humwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na mwenye vioo mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne, jambo ambalo Mwalimu hakumruhusu kulisahau. Yeye na marehemu mume wake walikuwa wamejenga jengo la ghorofa mbili kando ya barabara ile ile, mkabala na lile la vioo. Chini palikuwa na maduka. Ghorofa ya juu yote ilikuwa ya kliniki.

“Binti yangu,” akasema, “hayo ya paa umeyasema kwa kujua au kwa kupendeza mkutano?”

“Kwa kujua, Mwalimu.”

“Basi keti.”

Akanieleza. Mkataba wa kliniki ulikuwa unaisha mwisho wa Oktoba, na daktari alikuwa amemwambia hataurudia. Chumba cha dawa kilikuwa tanuri. Mwenye vioo alikuwa amekwisha kumwonyesha vyumba vyenye viyoyozi ng'ambo ya barabara. Watoto wa Mwalimu, ambao wote wanaishi Mombasa, walikuwa wamemwambia kwa upole kwamba ghorofa ya juu ikibaki tupu hawaoni sababu ya mama yao kuendelea kupanda na kushuka ngazi akigombana na wapangaji. Wauze, ahamie pwani akae nao. Na yeye alikuwa amekubali. Alikuwa ametoa neno lake.

“Mnunuzi ni nani?” nikauliza, ingawa nilishajua.

Akaelekeza kidevu upande wa mwenye vioo, aliyekuwa akichovya mandazi kwenye chai. “Yule. Hesabu za kugawanya zilimshinda mpaka nikamwonea huruma. Sasa anataka nyumba ambayo mume wangu alibeba mawe yake kwa mkono.”

Nilikwenda kuiona nyumba siku iliyofuata. Daktari alinipokea ngazini. Alikuwa wa familia ya Waislamu wa Mwingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine tulijikuta tukisema polepole mbele yake. Alimwamkia Mwalimu kwa shikamoo, akatufungulia chumba cha dawa, akanionyesha kipimajoto kilichoning'inia ukutani. Ilikuwa alasiri. Kilikuwa kimepita digrii thelathini na tano.

“Kwenye makasha haya,” akasema, “imeandikwa dawa zihifadhiwe chini ya thelathini. Nimeweka mapazia. Nimebandika karatasi madirishani. Mwalimu, wallahi sikukimbii wewe. Nakimbia joto.”

Nikamwomba apande juu ya kiti aguse dari kwa kiganja. Akagusa, akaurudisha mkono haraka.

“Sasa gusa dirisha.”

Akagusa. Lilikuwa vuguvugu tu.

Hili ndilo kosa letu, na nalieleza kila ninapopata wa kunisikiliza. Vitabu vingi vya majengo vimeandikwa katika nchi ambako jua hupita chini, linaingia dirishani kama mgeni. Huko wana haki ya kupigana na madirisha. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Jua letu la mchana halisimami mlangoni. Linakaa juu ya nyumba. Ukuta unaopigwa na jua kuliko kuta zote hapa kwetu ni ule uliolala, yaani paa. Na sisi tumelifanyia nini paa? Tumelipaka rangi nyekundu iliyokolea, kwa sababu vumbi letu ni jekundu na paa jeupe huonekana chafu baada ya wiki. Kisha tumelizungushia ukuta mfupi pande zote ili mabati yasionekane kutoka barabarani na jengo lifanane na yale ya Nairobi. Hewa ya moto kati ya mabati na dari haina pa kutokea. Inakaa pale juu, joto lake linashuka polepole kupitia darini, na daktari yuko chini anabandika karatasi madirishani.

Nilipomaliza, Mwalimu alikuwa ameukunja uso kama mtu anayesahihisha mtihani.

“Kwa hiyo tumekuwa tukifunga mlango ambao mwizi hapitii,” akasema.

Daktari akacheka. Kisha akatoa sharti lake, na nilimheshimu kwa sababu lilikuwa wazi. Oktoba ndio mwezi wetu mkali kuliko yote kabla ya mvua. Ikiwa Oktoba, alasiri, kipimajoto kile hakitapita thelathini, na jokofu la chanjo lisizimike stima ikipotea, atabaki. La sivyo, atavuka barabara.

Mpango wenyewe haukuwa wa ajabu. Kutoboa ule ukuta mfupi, upande upepo unakotokea na upande unakoelekea, ili hewa ipite juu ya dari. Kupaka mabati rangi nyeupe, ile isiyodhuru maji ya kunywa. Kuinua paneli za sola juu ya fremu za chuma, zisiguse mabati, ziyapatie kivuli kama mwavuli na papo hapo zitoe stima ya feni na jokofu. Mwalimu alikubali matundu. Rangi alikubali baada ya kusoma maandishi ya kopo mara kadhaa. Kwenye paneli aligoma.

“Maji yanayopita juu ya stima siwezi kuwapa watu wanywe.” Na hakuwa anajisemea yeye tu. Matangi yake yaliwahudumia akina mama wengi wa sokoni, na wao nao walikuwa wamekwisha kusikia na kuja kusimama nyuma yake.

Kuna nyakati maneno hayatoshi. Nilikwenda kwenye gari nikashusha paneli moja niliyokuwa nayo, nikaiegemeza ukutani palepale uani, nikaisugua kwa kitambaa safi. Nikaomba jagi la maji na kikombe. Nikamwaga maji juu ya kioo cha paneli, nikayakinga chini kwa kikombe.

“Hiki ni kioo, Mwalimu. Stima iko chini ya kioo, imefungwa isiguswe na maji, la sivyo ingeharibika mvua ya kwanza. Maji hayajui kama yamepita kwenye kioo au kwenye bati.”

Nikanywa kikombe chote.

Mwenye vioo, ambaye alikuwa amevuka barabara kuona kunani, akasema, “Tungoje hadi kesho tuone kama ataamka.”

“Wewe nyamaza,” Mwalimu akamwambia. “Kwako wanakunywa maji yaliyopita kwenye kutu.” Akachukua jagi, akamwaga yeye mwenyewe, akanywa. Kisha akina mama wakapokezana kikombe, mmoja mmoja, wengine wakifumba macho kwa mzaha kama wanaokunywa dawa ya minyoo. Paneli zikakubaliwa.

Kazi ilianza wakati wa baridi ya katikati ya mwaka. Mwalimu alitoa akiba yake ya kustaafu kwa ajili ya paneli na betri, na fundi wa stima mwenye leseni akazifunga. Lakini kutoboa ukuta, kupandisha matofali ya matundu, kukwangua rangi kuukuu na kupaka mpya, kulihitaji mikono mingi, na hapo Mwalimu alifanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Aliita mwethya.

Mwethya ni ile desturi yetu ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja leo, ya mwingine wiki ijayo. Ni mwethya uliochimba matuta ya mashamba yetu na kujenga mabwawa ya mchanga mitoni. Kikundi cha Mwalimu kilikuwa cha wanawake wa kijijini kwake, nje kidogo ya mji, na kilikuwa kimezoea majembe. Hakijawahi kupanda ghorofa. Siku ile walifika asubuhi na leso viunoni, na mji ukasimama kutazama.

“Aiya, akina mama,” mwenye vioo akawapigia kelele kutoka mlangoni kwake, “mmekuja kuchimba matuta juu ya mabati?”

Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya kuimbisha, akamjibu bila kugeuka: “Tumekuja kupanda kivuli. Ukitaka mbegu njoo uombe.”

Walijipanga ngazini kuanzia uani hadi juu, na matofali yakapanda kutoka mkono hadi mkono kama yanavyopanda mawe ya bwawa, kwa wimbo. Nimesimamia kazi za majengo kwa muda mrefu, na nimeona mashine za kuinulia mizigo. Sijaona matofali yakipanda kwa raha kama yale. Walionitania zaidi ni wale wa juu, ambao walitaka kujua kwa nini injinia hana wimbo. Nikawaambia shuleni hatukufundishwa. Wakasema ndiyo sababu majengo yetu yana joto. Kufikia Agosti paa lilikuwa jeupe, paneli zimesimama juu yake kama madawati yaliyopangwa vizuri, na kipimajoto cha daktari kikaanza kushuka. Nilikwenda zangu Kitui nikiwa na moyo mwepesi.

Septemba Mwalimu akanipigia simu.

“Kimepanda,” akasema.

“Hadi wapi?”

“Thelathini na tatu. Na Oktoba bado.”

Sikuamini. Nilipitia hesabu zangu zote njiani nikirudi Wote. Rangi haikuwa imebanduka. Paneli zilikuwa zinafanya kazi, feni zinazunguka. Lakini feni zilikuwa zinazungusha hewa ya moto. Nikagusa dari: moto, kama siku ya kwanza.  Daktari aliniangalia tu kwa huruma, na huruma yake iliniumiza kuliko lawama. Ng'ambo ya barabara, mwenye vioo alikuwa tayari anapaka rangi vyumba vya juu.

Nikapanda juu, nikainama kwenye tundu la upande wa upepo. Hakuna hewa iliyokuwa ikipita. Nikaingiza mkono, vidole vikagusa gunia. Nikaenda tundu la pili, gunia. La tatu, gunia. Nikaenda upande wa pili wa paa, na kabla sijainama nikasikia mngurumo wa chini, ule ambao kila mtoto wa Ukambani anaujua. Nyuki.

Nilishuka nikamkuta mlinzi wa jengo, mzee wa makamo kutoka upande wa Kibwezi, amekaa kwenye kiti chake na uso wa mtu anayeficha zawadi.

“Umewaona,” akasema.

“Nimewaona. Nani ameziba matundu?”

“Mimi. Walikuja wenyewe, Injinia, wakati migunga ilipoanza kutoa maua. Kundi kubwa. Nikawawekea mzinga mle darini. Lakini upepo ulikuwa unawapiga, na nyuki hapendi upepo. Nikaziba upande ule.”

“Mwalimu anajua?”

“Mwalimu ndiye alinipa magunia.”

Nikamgeukia Mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitazama chini kama mwanafunzi.

“Nyuki wakija nyumbani ni baraka,” akasema. “Nilisema, kama wamechagua nyumba hii, basi labda haitauzwa. Sikutaka kukuambia, ungesema ni ushirikina.”

Sikuweza kukasirika. Popote pengine duniani, mwenye jengo akiona nyuki darini anamwita mtu wa kupuliza dawa. Hapa kwetu anawatafutia mzinga na kuwakinga na upepo. Niliketi kwenye ngazi nikacheka mpaka daktari akatoka kuona kuna nini, na alipoelezwa naye akaketi. Nikamweleza Mwalimu, taratibu, kwamba yale matundu ni mapua ya nyumba. Yakizibwa, rangi na paneli hupunguza joto kidogo tu, lile linalopita halina pa kutokea. Baraka ilikuwa imekaa puani.

“Wanaweza kuhamishwa?” akauliza.

“Nyuki?” mlinzi akasema, kama aliyetukanwa. “Nimehamisha nyuki tangu sijaota ndevu.”

Jioni ile, jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi wote, alipanda na moshi wake, akafunga mdomo wa mzinga kwa majani, na tukauteremsha kwa kamba hadi kwenye gari, kila mtu akishusha pumzi kwa zamu. Ulining'inizwa kwenye mgunga shambani kwa Mwalimu. Kesho yake tulitoa magunia na kuziba kila tundu kwa wavu wa chuma ambao hewa hupita lakini nyuki hapiti. Tangu siku hiyo sijawahi kuchora tundu la hewa Kitui au Makueni bila wavu, na mafundi wa Nairobi wakiuliza sababu nawaambia waje waketi nami.

Oktoba ikaja kwa ukali wake. Upepo wa vumbi, mbwa chini ya magari, mashamba yamelimwa yanangoja. Daktari alichagua siku yeye mwenyewe, akatuita baada ya chakula cha mchana. Nilifika nikamkuta Mwalimu amevaa nguo yake ya kanisani, amekaa wima kwenye benchi la wagonjwa kama anayengoja kuitwa ndani.

Hatujamaliza kusalimiana, stima ikapotea mji mzima.

Uliujua ukimya huo kwa masikio. Redio ya kinyozi wa chini ilikatika katikati ya wimbo, mashine ya kusaga ikafa. Ng'ambo ya barabara viyoyozi vilinyamaza vyote pamoja, na baada ya muda mfupi watu wakaanza kutoka kwenye jengo la vioo wakijipepea kwa magazeti. Jenereta ya pale ikakohoa, ikakohoa tena, ikakataa.

Juu ya vichwa vyetu feni iliendelea kuzunguka. Hakuna aliyeitazama moja kwa moja, kama vile tukiitazama itaona haya na kusimama. Jokofu la chanjo lilikuwa likinguruma kwa utulivu. Daktari akafungua chumba cha dawa, akaingia, akasimama mbele ya kipimajoto. Alikaa hapo kwa muda hadi Mwalimu akanishika mkono.

“Ishirini na nane,” daktari akasema. Akatoa miwani, akaifuta, akasoma tena. “Ishirini na nane, Mwalimu.”

 Mwalimu alinyanyuka akaenda kujionea, kwa kuwa hajawahi kukubali alama alizosomewa na mtu mwingine.

“Mimi sivuki barabara,” daktari akasema. “Na ningependa tuongee kuhusu ule ukumbi mtupu ulio nyuma ya maduka yako ya chini. Mke wangu, anayesimamia maabara yetu, anataka iwe kubwa.”

“Ukumbi wa nyuma una kodi yake,” Mwalimu akasema papo hapo, na nikajua amepona.

Wakati huo tulisikia hatua nzito ngazini. Mwenye vioo aliingia, shati limemganda mgongoni, akasimama katikati ya chumba chini kabisa ya feni.

“Nimekuja tu kusalimia,” akasema.

“Salimia,” Mwalimu akamwambia.

“Hamjambo.”

“Hatujambo. Kaa. Hewa ya hapa ni ya bure leo.”

Alikaa. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Alipoyafumbua alinitazama mimi. “Injinia. Vioo vyangu vinaweza kusaidiwa?”

“Vinaweza. Tutaanza na paa, halafu tuvifanyie kivuli vile vioo kwa nje.”

“Na wale akina mama wa leso watakuja kwangu?”

“Mwethya hauji kwako bila wewe kutoa mikono yako,” Mwalimu akasema. “Wiki ijayo wako kwangu shambani wanatengeneza matuta. Fika na jembe. Ukichimba vizuri, watapanda kwako.”

“Mwalimu, mimi na umri huu?”

“Nilikuwa na umri gani nilipokuwa nabeba matofali Julai?”

Akainua mikono kusalimu amri, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, ambao hawakujua mwanzo wa habari hii, wakacheka pamoja nasi.

Mwaka ule, kabla mvua hazijatulia, niliitwa kwenye mapaa mengi kuliko niliyowahi kuitwa katika miaka yote ya nyuma: Wote, Makindu, Kitui mjini, hata ghala la ndengu la Kyuso ambalo mwenyewe alitaka kujua kama matundu yake ya tindo yalikuwa mahali sawa. Yalikuwa mahali sawa, nami nikamwambia hivyo kwa furaha. Mafundi walikosa nafasi. Wenye hadiwea waliagiza nyeupe kwa malori. Mtu anayebashiri masoko hupata siku chache za kusema “nilisema”, na hizo zilikuwa zangu. Nakiri nilizifurahia.

Lakini kinachonirudia zaidi ni alasiri ile ile kliniki, stima ikiwa bado haijarudi. Mwalimu alitoa simu yake mkobani, akaishika mbali na macho, akampigia kifungua mimba wake Mombasa, akaweka sauti ili sote tusikie.

“Mama, vipi? Daktari amesemaje?”

“Amebaki.”

Upande wa pili palikuwa na kelele za mji, honi, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

“Amebaki kwa muda gani?”

“Anataka na ukumbi wa nyuma.”

“Kwa hiyo ile habari ya kuuza...”

“Hatuuzi,” Mwalimu akasema. “Waambie ndugu zako. Na Desemba mje na watoto wote, nataka wapande hapa juu nikawaonyeshe kazi ya bibi yao.”

 Mwanawe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo ambao hakuwa anaupenda, na akamuuliza mama yake kama ngazi hazitamsumbua.

“Ngazi nimezizoea,” akasema. Akakata simu, akajinyoosha nguo, akamgeukia daktari. “Haya. Tukauone huo ukumbi kabla hujabadili mawazo.”